Kwa anayeanza kazi ya bustani kwenye nyumba yenye mbwa

Mdogo wangu, siku ya kwanza usikimbilie panga. Omba mbwa afunguliwe, mzunguke naye uwanja mzima. Angalia analala wapi, anachimba wapi, anaokota nini. Mimi nimetunza bustani za watu hapa Arusha miaka 15, na mwaka wa kwanza sikufanya hivyo.

Langoni palikuwa na saikadi mbili, ile mimea inayofanana na mnazi uliodumaa, wenye nyumba kubwa wanaipenda sana. Mmoja ulikuwa jike, ukazaa mbegu za rangi ya chungwa. Nikazikusanya kwenye ndoo nyuma ya banda la mbwa, nikipiga hesabu ya kuzipanda kwenye viriba niuze miche. Bobi, wa miezi minane, akaipindua. Jioni akatapika mara tatu. Kesho yake akala ugali na dagaa, akabweka wapita njia kama kawaida yake, nikamwambia mama mwenye nyumba amepona. Siku ya tatu hakutoka bandani. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa njano kama binzari. Ini lilikuwa limeshaharibika. Daktari wa mifugo alimtundikia dripu siku mbili, hakuinuka. Mbegu moja au mbili tu zinatosha kumuua mbwa.

Tangu hapo nimeona kwamba mmea uliosimama mbwa mara nyingi huupita tu. Kinachomponza ni kilichokatwa, kilichoanguka na kilichofukiwa, na hapo ndipo mikono yetu ilipo.

Chukua mfano wa oleanda, kile kichaka cha maua ya waridi au meupe. Sumu yake inapiga moyo, na majani yakikauka bado yana sumu. Ukipogoa, matawi yasilale uwanjani hata usiku mmoja. Usiyachome, moshi wake nao ni mbaya. Na usije ukachukua kijiti chake ukamrushia mbwa akakuletee! Ule wa maua ya njano, thevetia, uhesabu vilevile.

Mnyonyo unaota wenyewe kando ya mitaro, na watu hawauogopi kwa sababu mafuta ya nyonyo yanapakwa kichwani kila siku. Lakini sumu haiendi na mafuta, inabaki kwenye mbegu na kwenye mashudu. Mbegu iliyotafunwa ni hatari kuliko iliyomezwa nzima. Mbwa hutapika na kuhara damu, pengine siku hiyo, pengine kesho yake. Wapo wanaofukia mashudu hayo kwenye waridi kama mbolea. Mbwa ananusa, anafukua usiku, anakula. Bosi akikuletea gunia lake, mwombe kwa adabu akununulie samadi iliyooza.

Brunfelsia, ule wa maua yanayochanua zambarau yakaishia meupe, humfanya mbwa atetemeke na kukakamaa mpaka watu waseme kategwa kwa sumu. Okota matunda yake yakidondoka. Uzio wa minyaa ukiukata, mfunge mbwa kwanza, utomvu wake unachoma macho, yake na yako.

Kwenye bustani ya mboga, mashaka yangu ni vitunguu: maji, swaumu, hata vile vya majani. Vinaharibu damu, na dalili huja baada ya siku kadhaa: mbwa ananyong'onyea, fizi zinapauka, mkojo unakuwa mwekundu. Kupika hakusaidii, kwa hiyo mabaki ya mchuzi nayo si ya mbwa.

Akishakula, utasikia kila jirani ana dawa. Maziwa, mayai mabichi, maji ya chumvi, mkaa wa jikoni uliosagwa. Achana nayo yote. Maji ya chumvi yenyewe yanaweza kumuua, na maziwa hayazimi sumu hizi, yanakupotezea muda tu. Usimtapishe mpaka daktari akuambie. Ondoa kilichobaki mdomoni, piga simu, sema saa aliyokula na uzito wake hata kwa kukisia. Kata kipande cha mmea, tia kwenye mfuko, nenda nacho. Daktari hawezi kuujua mti kwa kuambiwa "ule wa majani marefu". Na akitapika halafu akachangamka, mpeleke vilevile.

Miche ya saikadi bado nauza. Ndoo ya mbegu siku hizi ina mfuniko, na inaning'inia kwenye msumari juu ya mlango wa stoo.