Jibu: Kuandaa mkutano wa kisayansi wa wanafunzi bila profesa mwenye jina kubwa

Mkuu, umeuliza kama nyinyi wanafunzi wachache wa uzamili na uzamivu mnaweza kuandaa mkutano wa kisayansi kabla hamjampata profesa mwenye jina wa kuufungua, kwa kuwa msimamizi wenu amewaambia bila jina hilo ukumbi utakuwa mtupu. Nimekaa kwenye kamati za mikutano hii tangu nikiwa uzamili. Nimepitia ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti ambao mwombaji hutuma, nimeongoza vikao, nimepanga viti. Mnaweza kabisa, na huyo profesa mwacheni awe wa mwisho kutafutwa.

Mikutano mikubwa ya fani ipo tayari, na huko mtu hupeleka kazi iliyoiva: makala iko jaridani, kilichobaki ni kujulikana. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana data nusu na mbinu asiyoiamini sana, na pa kuipeleka hana, ila ofisini kwa msimamizi, ambako anaingia akiwa amejikaza kweli kweli. Huyo ndiye mnayemwandalia. Mkiiga mkutano mkubwa, suti na hotuba za ufunguzi na kila kitu, atajificha vilevile.

Wala hamtakuwa wa kwanza. Wanafunzi wa fizikia walianza mkutano wao wa kimataifa Budapest mwaka 1986, na hadi leo unahama nchi kwa nchi, wenyewe wakiuandaa. Wa bioinfomatiki, fani ya kuchambua data za biolojia kwa kompyuta, wana baraza lao ndani ya chama cha kimataifa cha fani hiyo, ISCB, tangu 2004, na kongamano lao hutangulia mkutano mkuu wa chama. Gordon Research Seminars, semina za vijana zinazotangulia mikutano ya utafiti iitwayo Gordon, nazo huendeshwa na wanafunzi na watafiti waliomaliza uzamivu karibuni, mwishoni mwa juma, kabla ya mkutano wenyewe wa Gordon kuanza. Uone ujanja uliopo hapo: watu wanakuja kwenye ule mkubwa kwa vyovyote, kwa hiyo nauli ni ileile moja. Kama chama cha fani yenu kina mkutano wa mwaka, pigeni hodi huko kabla ya kuhangaika na ukumbi.

Sasa mwito wa ikisiri. Andikeni waziwazi kwamba kazi isiyo na matokeo inapokelewa, mradi mtu aeleze swali lake, anachopima na namna anavyokipima. Kisha ongezeni kisehemu kimoja kwenye fomu: "Umekwama wapi?" Sentensi mbili zinatosha. Kisehemu hicho kitawasaidia kuliko alama zote mtakazotoa, kwa sababu kinawaonyesha nani akae karibu na nani. Mtu aliyekwama kwenye takwimu mnampanga kikao kimoja na anayezijua.

Kila ikisiri isomwe na watu wawili, mmoja wa fani hiyo na mmoja wa nje, na asiwepo wa maabara moja na mwandishi. Kabla ya kuanza, wote someni ikisiri chache zilezile, toeni alama kila mtu kivyake, halafu mlinganishe. Mtashangaa: mmoja kaipa tisa, mwenzake kaipa nne, na kila mmoja ana sababu. Bishaneni hapo mpaka mjue mnatafuta nini. Na kila mwombaji, hata aliyekosa nafasi, apate maoni ya maana. Barua ya "tunasikitika kukujulisha" peke yake ndiyo ile anayopewa kila mahali.

Muda wa maswali ndio unaoharibu mikutano mingi. Mtoa mada anamaliza, mwenyekiti anauliza "kuna swali?", kimya, kisha mkubwa mmoja wa safu ya mbele anashika mikrofoni na kuanza na "hili si swali, ni mchango". Dakika zimekwisha. Wekeni kanuni mbili na mzitangaze asubuhi: swali la kwanza ni la mwanafunzi, na mwenyekiti aje na swali lake mfukoni kwa kila wasilisho, asiliulize ila pakiwa kimya. Nimeona kwa macho yangu: swali la kwanza likitoka kwa kijana, la pili na la tatu huja yenyewe. Likitoka kwa profesa, chumba kizima kinageuka utetezi wa tasnifu. Ndiyo maana nasema huyo mwenye jina msimkimbilie. Akija, mwombeni azungumzie utafiti wake uliomshinda, halafu azunguke kwenye mabango, zile karatasi kubwa za utafiti zinazobandikwa ukutani, akisikiliza.

Mabango yapeni muda mrefu, msiyabane kwenye mapumziko ya chai. Karatasi ya A0 ni milimita 841 kwa 1189, nafasi tele, na bado watu hubandika tasnifu nzima kwa herufi za sisimizi. Nakumbuka bango moja la unyevu wa udongo: grafu yake ilikuwa ikipanda na kushuka kila siku, saa zilezile, na mwenye bango alikuwa amekata tamaa nayo. Akapita mwanafunzi wa elektroniki, akainama, akauliza, "Hicho kihisio kinapigwa na jua?" Kilikuwa kinapigwa. Usomaji ulikuwa ukifuata joto, si maji. Walikaa chini hapohapo wakichora namna ya kuusahihisha, na mada kuu ya mchana ikawapita.

Jambo moja la tahadhari: kila mtoa mada apate idhini ya msimamizi wake kabla ikisiri haijawekwa hadharani. Mwenye kitu cha kuombea hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, awe mwangalifu zaidi. Ulaya, ukishakitangaza kabla ya kuomba, kwa kawaida umekosa. Marekani sheria inampa mvumbuzi mwaka mmoja. Na chapisheni kitabu cha ikisiri tu. Makala kamili zikichapishwa kwenu, baadhi ya majarida yatasema kazi imeshatoka.

Fedha sitazisemea sana, kila mahali pana mlango wake. Ila ufadhili wa kwanza mkiupata, utumieni kwenye nauli za watoa mada, mikoba yenye nembo isubiri.

Kinachoua mikutano hii ni watu kuhitimu. Kamati nzima inaondoka mwaka mmoja, na nywila ya baruapepe inaondoka nayo. Fungueni anwani ya mkutano isiyo ya mtu binafsi, na nusu ya kamati iwe ya watu ambao bado wana mwaka zaidi wa masomo. Orodha ya wapitiaji, bajeti, barua kwa wafadhili na ratiba ya dakika kwa dakika viwekwe folda moja, na makabidhiano yafanyike wiki ileile ya mkutano, kabla watu hawajarudi maabara na kuacha kujibu ujumbe.