Fundi, IST yangu inazima ikipata moto, sensa ya krenki naweza kubadili mwenyewe nyumbani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST ya cc 1490, asubuhi inawaka vizuri tu, ila nikishatembea kama nusu saa na jua likiwa kali inazima ghafla, haikohoi wala nini, napiga stata injini inazunguka lakini haiwaki, nikikaa kama dakika 20 au 30 inawaka tena kama vile hakijatokea kitu. Nimepima kwa mashine ikatoa kodi P0335, gereji wakasema ni sensa ya krenki na hela ya ufundi wanayotaka inazidi bei ya sensa yenyewe. Nyumbani nina jeki, spana za kawaida, bisibisi na mita ndogo ya umeme. Je naweza bila vifaa vya gereji? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unaweza kabisa, na injini yako hiyo ya 1NZ ni ya huruma kwenye hii kazi, sensa imeshikwa na bolti moja tu namba 10. Ila kabla hujaenda dukani nisikilize kwanza maana hapa ndo watu wanapopoteza hela. P0335 haisemi sensa imekufa, inasema kompyuta haipati taarifa sawasawa kwenye njia ya sensa ya krenki (krenki ni ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni), na njia ni sensa yenyewe, konekta yake, na waya wote mpaka kwenye kompyuta. Nimeshaona watu wamenunua sensa mbili tatu kumbe waya umekauka na kupasuka kwa ajili ya oili inayovuja kwenye sili ya krenki, inadondokea palepale.

Sensa yenyewe ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Mbele yake, nyuma ya pulei ya krenki, kuna sahani ya meno, imepigiwa hesabu ya meno 36 ila mawili yametolewa makusudi yakabaki 34, kila jino likipita linazalisha kaumeme kadogo na lile pengo ndo linaloiambia kompyuta krenki imefika wapi. Taarifa ikikatika kompyuta inaacha kurusha moto na inaacha kumwaga mafuta kwenye nozo, ndo maana gari yako inazima pwaa bila kukwamakwama. Na ule waya wa ndani ukishakatika, injini ikipata moto unatanuka unaachana, ikipoa unagusana tena, unawasha unaondoka ukidhani imepona.

Kwa hiyo pima. Chomoa konekta ya sensa, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za sensa (za sensa, sio za upande wa waya wa gari). Ikiwa baridi inatakiwa isome omu kati ya 985 na 1600, ikiwa ya moto kati ya 1265 na 1890. Sasa zingatia hili, ukipima asubuhi nyumbani imepoa itakwambia nzima na itakudanganya, inatakiwa upime ileile saa imegoma, kwa hiyo tembea na mita kwenye gari. Ikigoma kwanza angalia mshale wa RPM unapopiga stata, ukilala chini kabisa bila kutikisika ni dalili nzuri kwamba kompyuta haioni krenki ikizunguka. Halafu fungua boneti pima. Mita isiposoma kitu (inaandika OL au 1 peke yake), yaani waya umekatika, wakati ikiwa baridi ilikuwa inasoma vizuri, hapo hela ya sensa unaitoa kwa amani. Ikisoma sawa hata ikiwa ya moto, usinunue, fuata waya.

Kazi yenyewe sasa. Subiri injini ipoe, chomoa negativu ya betri. Sensa iko upande wa kulia wa gari, chini, jirani na pulei ya krenki na kompresa ya AC, kwa juu mkono haufiki vizuri kwa hiyo legeza nati za tairi la mbele kulia, piga jeki, toa tairi, toa na plastiki ya kuzuia matope. Na nakuomba kama mdogo wangu wa damu, usiingie chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi, kama huna weka gogo zito la mti chini ya chesisi, tofali usiweke, linapasuka bila taarifa. Tairi la nyuma liwekee jiwe mbele na nyuma.

Konekta ina kilimi, kibonyeze kwa ncha ya bisibisi ndo uvute, usivute waya. Bolti ipulizie WD-40 uiache robo saa, halafu boksi namba 10 na ekstensheni. Sensa ikigoma kutoka usiichokonoe kwa bisibisi kubwa. Mimi siku moja niliilazimisha hivyo, ikakatika shingo, kipande kikabaki ndani ya kava ya cheni ya injini, na kukitoa kulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote. Ishike kwa plaizi, izungushe kulia kushoto taratibu mpaka iachie, halafu ivute ikiwa imenyooka. Kabla hujaivuta futa uchafu wote kuzunguka lile tundu maana kinachodondoka mle kinaingia kwenye injini.

Mpya ipake oili ya injini kidogo kwenye oringi (ule mpira wa duara wa kuziba), isukume kwa mkono mpaka ikae bapa, ndo urudishe bolti. Usiivute kwa bolti. Kukaza ni 7.5 N·m, kidogo sana, kama huna spana ya kupimia kaza kwa vidole ukishika racheti karibu na kichwa chake, kava ni aluminiamu na nyuzi zikichanika umejiletea kazi nyingine. Waya urudishe kwenye vishikio vyake usije ukalalia mkanda. Kodi ifute kwa ELM327 (kile kifaa kidogo cha kusoma kodi unachochomeka kwenye gari) na simu, halafu itembeze mpaka ipate moto kwelikweli, kuwaka tu hapo nyumbani hakujathibitisha kitu.

SWALI: Asalam aleikum fundi, nina Probox injini hiyohiyo ya 1NZ, makanika ameweka sensa mpya lakini taa ya cheki injini imerudi baada ya siku mbili. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza isome upya, kama imekuwa P0340 hiyo ni ya kemshafti (shafti inayofungua valvu), sensa nyingine kabisa, iko juu. Kama ni P0335 au P0339 ileile, pima hiyo mpya kama nilivyoeleza hapo juu, maana sensa za kopi zimejaa na boksi lenye jina la Denso sio ushahidi. Ikiwa nzima fungua konekta uangalie pini kama zimelegea au zina kutu ya kijani, halafu injini ikiwa inanguruma tikisa waya kidogo, mkono ukae mbali na mkanda, injini ikishtuka umeshapapata. Binafsi nachukua sensa iliyotumika, ya kutoa kwenye injini ya Japani, nikaipima, kuliko kopi mpya.

SWALI: Fundi, yangu nayo inazima hivyo mara mojamoja tu. Naweza kuendelea kupeleka watoto shule mpaka mwisho wa mwezi? (Mama wawili, Dodoma)

JIBU: Hapana dada yangu. Ikizima ukiwa kwenye mwendo breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu kisha inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito, sasa fikiria lori liko nyuma yako. Wapande daladala hizi siku chache. Na ikikukuta barabarani kabla hujatengeneza, washa hazadi, kanyaga breki mara moja tu na usiachie mpaka gari isimame pembeni, funguo usiitoe, usukani utajifunga.