RAM ya Elpida si feki, kampuni ndiyo haipo tena

Mkuu, umeuliza kama RAM ya Elpida uliyoikuta kwenye laptopu ya mtumba ni feki, maana umeitafuta kampuni hiyo sokoni hujaiona. Si feki. Mimi ni fundi, na chipu za Elpida nakutana nazo tangu enzi za DDR2 (kizazi cha RAM kabla ya DDR3), nyingine zimo kwenye stiki, yaani vibao vya RAM, zenye lebo ya kampuni tofauti kabisa. Ni kazi safi, na kufa kwa kampuni ile kunaniuma.

Miaka ya 1980 DRAM, yaani chipu zinazounda RAM, ilikuwa ya Wajapani: NEC, Hitachi, Toshiba, Mitsubishi, Fujitsu. Wakaja Wakorea, Samsung wakiwa mbele, na kila kizazi kipya cha chipu kikadai kiwanda cha gharama kubwa zaidi. NEC na Hitachi, mahasimu wa miaka mingi, wakaona hakuna atakayemudu peke yake. Mwaka 1999 wakaunganisha vitengo vyao vya DRAM ikazaliwa NEC Hitachi Memory, na mwaka uliofuata ikaitwa Elpida Memory. Mwaka 2003 ikameza na DRAM ya Mitsubishi Electric. Kwa hiyo hiyo stiki yako ina ujuzi wa nyumba tatu kubwa za Japani.

Aliyeiinua ni Yukio Sakamoto. Aliingia 2002 akitokea nje ya kampuni hizo mama, na nadhani hilo lilimsaidia, kwani hakuwa na upande wa kutetea. Kiwanda cha Hiroshima, kilichokuwa cha NEC, ndicho kikawa moyo wa Elpida, na Novemba 2004 hisa zikaingia soko la Tokyo.

Ila bei ya DRAM haina huruma. Iliporomoka 2008, serikali ya Japani ikaingia kuwaokoa 2009, kisha bei ikaporomoka tena huku yen ikiwa juu mno. Tarehe 27 Februari 2012 wakaomba ulinzi wa kufilisika, madeni yakiwa yen bilioni 448 hivi. Micron ya Marekani ikainunua 2013, na Hiroshima inazalisha DRAM mpaka leo chini ya Micron.

Sasa kagua yako. Kwa stiki za Elpida wenyewe, namba ya bidhaa kwenye lebo ya DDR3 huanza na EBJ, ya DDR2 huanza na EBE. Iache ipimwe na memtest, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Ikipita bila kosa, itumie. Ukiongeza nyingine angalia volti: mashine inayotaka DDR3L ya 1.35V usiiwekee DDR3 ya 1.5V.