Shahada Bado Ina Thamani, Ila Uliza Kwanza Ni Kazi Gani Inayoihitaji

Nafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa barua za maombi ya kazi zinapita mezani kwangu. Msimu wa mahafali ukiisha zinaongezeka, na wadogo zangu wananiuliza swali lile lile: dada, hivi shahada bado ina maana?

Ina maana, lakini si mahali pote. Kuna kazi ambazo bila shahada huruhusiwi hata kuzigusa. Kuna ambazo shahada inakupandishia mshahara tu. Na zipo kazi ambazo mwajiri haiulizi kabisa, anauliza unajua kufanya nini. Anayeumia ni kijana aliyesoma miaka mitatu bila kujua anaelekea upande upi.

Wazazi wetu hawakutudanganya waliposema soma upate kazi. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa inapata uhuru na ofisi za serikali zilihitaji watu. Hadi miaka ya 1980 mhitimu alikuwa akipangiwa kazi na serikali yenyewe. Halafu ajira za serikali zikabanwa, na katikati ya miaka ya 1990 vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na wahitimu wakazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka. Mimi nasema ni jambo jema, kwa sababu watoto wa wakulima wengi wasingeingia chuo kwa mfumo ule wa zamani. Lakini hesabu ya kazi haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliitisha usaili Uwanja wa Taifa, zaidi ya watu 10,000 wakigombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na waombaji wakapita 135,000. Si wote walikuwa na shahada, maana nafasi zilikuwa za ngazi mbalimbali, lakini ukigawanya unapata watu zaidi ya 80 kwa kila kiti kimoja.

Sasa niseme ninachokiona ofisini. Kazi yetu ni kuandaa nyaraka za forodha. Mtu anapokea BL, yaani hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, ankara na orodha ya mzigo, anatafuta namba sahihi ya ushuru ya kila bidhaa, anaingiza tamko kwenye mfumo wa TRA, kisha anafuatilia hadi kontena litoke. Ukikosea namba ya ushuru, mteja analipa zaidi, au mzigo unakaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Aliwahi kuja kijana mwenye shahada ya utawala wa biashara, matokeo yake mazuri sana, heshima tele. Tulipomwekea BL mbele yake hakujua aanzie wapi, kwa sababu hakuwahi kuiona. Siku hiyo hiyo alikuja binti mwenye stashahada, ila alikuwa amesomea cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kile kinachofundishwa Chuo cha Kodi. Alisoma nyaraka zile na kutuonyesha mahali uzito kwenye BL ulipotofautiana na orodha ya mzigo. Tulimchukua yeye, na sikuona haja ya kujiuliza mara mbili.

Hadithi ikiishia hapo, wale wanaosema mitandaoni kwamba shahada ni karatasi tu watafurahi. Haikuishia hapo. Miaka ilipopita nafasi ya umeneja ilitokea, binti anaijua kazi kuliko wote, lakini sifa zilizoandikwa zilidai shahada. Alikwama. Ikabidi aanze kusoma jioni huku anafanya kazi, na mtoto mdogo nyumbani. Stashahada na ujuzi vilimwingiza kazini, shahada ikamsubiri kwenye kupanda cheo. Nimeona hivi kwa watu wengi kiasi kwamba sasa namwambia kila kijana mwenye ujuzi aliyeajiriwa mapema: ukipata nafasi ya kujiendeleza, usiiache.

Na zipo taaluma ambazo mjadala huu hauzihusu. Huwezi kuwa daktari, mhandisi aliyesajiliwa au wakili bila kupitia chuo. Lakini hata huko shahada ni mwanzo tu. Mhandisi akihitimu ana mafunzo ya miaka mitatu chini ya usimamizi kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kama mhandisi mtaalamu. Wakili lazima apite Shule ya Sheria, na mhasibu anayetaka kuheshimika anafanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Serikalini nako ngazi ya mshahara inafuata elimu: kwenye ngazi za mishahara ya walimu, mwalimu wa stashahada anaanza TGTS C, wa shahada anaanza TGTS D, iliyo juu yake. Thamani ipo, imeandikwa, inalipwa. Tatizo ni foleni, maana siku hizi hata walimu wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyemaliza kidato cha sita, kabla hujajaza machaguo ya kozi, ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo ya kazi unayoitamani. Soma sehemu ya sifa za mwombaji neno kwa neno. Nimewaona wahitimu wa kozi zenye majina mapya na ya kuvutia wakikwama kwa sababu jina la shahada yao halimo kwenye tangazo lolote. Hilo ungeweza kuligundua kwa saa moja tu, na bando la mia tano.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wa chuo, ndiyo inayoniuma zaidi. Wanafunzi wengi wanaenda ofisi ya mjomba, wanakaa, wanasainiwa daftari, wanarudi chuo. Fildi ndiyo nafasi pekee ambapo mwajiri anakupima bila kukuajiri, nawe unaujua ujuzi wake bila kulipa ada. Vijana kadhaa tuliowaajiri tuliwafahamu wakiwa fildi, kabla hata hawajavaa joho. Nenda mahali kazi inapofanyika kweli, hata kama ni mbali na hakuna posho. Kama kozi yako ina bodi ya kitaaluma, ulizia mitihani yake ungali chuoni. Najua bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, halitoshi, lakini hata hatua ya kwanza ya mitihani ile inabadilisha sura ya barua yako.

Kwako uliyehitimu na uko mtaani, waulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kuhusu mafunzo ya uzoefu kazini. Na kama VETA, vyuo vya ufundi stadi, wana kozi fupi ya umeme wa magari au ushonaji inayokuvutia, nenda bila aibu. Kwenda VETA baada ya chuo kikuu si kushuka.

Jambo moja sitakubali lipuuzwe. Kwa mtoto wa kike wa kijijini, shahada inafanya kazi ambayo soko la ajira halipimi. Mimi ni wa kwanza kwetu kufika chuo. Leo kikao cha ukoo hakiamui habari ya shamba au ada za watoto bila kunipigia simu. Wadogo zangu wa kike hawakuozwa mapema. Anayewaambia mabinti wasisome kwa sababu ajira hakuna, anawanyang'anya kitu ambacho yeye hatawarudishia.

Kwenu wazazi mnaotaka kuuza kiwanja ili mtoto asome, na kwako kijana unayesaini mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ambao utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukiajiriwa: kabla ya kulipa, nendeni pamoja kwenye ofisi moja inayofanya kazi hiyo. Ombeni mtoto akae wiki mbili aangalie, ahoji wafanyakazi walisoma nini na walijutia nini. Kwetu wanaokuja kuuliza hivyo huwa tunawapa kiti, na mtu wa forodha anawaonyesha BL.