Kabla hujanunua boti ya jeti, ijue pampu yake

Mimi ni fundi wa pampu hapa Moshi. Kazi yangu kubwa ni pampu za visima na za kumwagilia mashamba, lakini wapo wateja wenye shughuli bwawa la Nyumba ya Mungu, na swali lao siku hizi ni moja: "Fundi, nikifunga jeti, si nitaachana na kuvunja propela kwenye visiki maji yakipungua?" Kwa visiki, ndiyo. Ila unabadilisha tatizo moja kwa mengine, na ni vizuri uyajue kabla hujatoa hela.

Jeti ni pampu iliyofungwa ndani ya boti. Chini ya boti kuna mdomo wenye nondo za kuzuia takataka. Injini inazungusha impela, yaani gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu; impela inavuta maji na kuyasukuma, mapezi yasiyozunguka nyuma yake yanayanyoosha yaache kujisokota, kisha nozeli, yaani mdomo uliobanwa wa kutolea maji, inayatoa kwa kasi. Wengi wanadhani boti inakwenda kwa sababu maji hayo yanagonga maji ya ziwa. Sivyo. Shika mpira wa kuoshea gari wenye presha ya kutosha: unakurudisha nyuma hata kama haujaelekezwa ukutani. Msukumo unatokana na kuyaongezea maji kasi, basi. William Hamilton, mfugaji wa kondoo na mhandisi wa New Zealand, alipoihamisha nozeli kutoka chini ya boti na kuiweka nyuma, juu kidogo ya usawa wa maji, boti yake ilikwenda kasi zaidi. Hiyo ilikuwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 boti za aina yake zilipanda mto Colorado kule Marekani dhidi ya mkondo.

Hesabu yake ni nyepesi. Pampu ikipitisha lita 100 kwa sekunde, hizo ni kilo 100 za maji. Boti ikiwa inakwenda mita 5 kwa sekunde na maji yanatoka kwa mita 15, umeyaongezea mita 10. Zidisha: nyutoni 1,000, karibu nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 100. Boti ikikaribia kasi ya maji yanayotoka, mafuta yanafanya kazi ya maana. Ikitambaa, sehemu kubwa ya nguvu inaishia kwenye maji unayoyaacha nyuma. Kwa hiyo mvuvi anayekwenda polepole na mzigo wa nyavu, mimi namwambia abaki na propela. Jeti imfae anayehitaji mwendo kwenye maji mafupi.

Sasa usukani, na hapa naomba unisikilize sana. Jeti haina bapa la usukani la kukata maji chini ya boti. Unageuza nozeli, maji yanaelekea upande, boti inafuata. Ukiachia mafuta, hakuna maji yanayotoka, na boti inanyooka ilikokuwa inakwenda hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Mtu akiona mtumbwi mbele, mkono wake unaachia mafuta wenyewe. Fanya mazoezi sehemu ya wazi, bila abiria, mpaka mkono uzoee kubakiza mafuta kidogo huku unakata kona. Rivasi nayo ni tofauti: impela haigeuzi mzunguko, bali kikombe kinashuka nyuma ya nozeli na kurudisha maji mbele.

Adui wa pampu hii ni mchanga. Uwazi kati ya ncha za impela na ukuta wake, kwenye pampu ndogo, ni chini ya milimita moja. Mchanga ukiukwangua, maji yanavuja kurudi nyuma: injini inapiga kelele, boti haiendi. Isukume boti mpaka maji ya kiunoni ndipo uwashe. Matete na vipande vya nyavu vikiziba nondo, utasikia mlio uleule. Zima injini na uchomoe ufunguo kabla hujaingiza mkono, hata kama ni jani moja.

Ukienda kukagua boti ya mtumba, beba tochi na fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi). Mulika ndani ya nozeli, pima uwazi wa impela pande zote, pitisha kidole kwenye makali yake injini ikiwa imezimwa. Kama yamemung'unyika, ingiza gharama ya impela mpya kwenye bei kabla hamjapeana mkono.