Barua kwa mwanangu: kidari na hiyo sufuria yako ya presha

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kidari kikae dakika ngapi kwenye presha, kwa kuwa kile cha Jumapili kilikaa motoni muda wa saa mbili na bado wageni walikitafuna kama ndala. La presha nitakujibu, lakini kwanza niambie: hizo saa mbili zilipokwisha ulikitia uma, au ulitazama saa tu? Nyama haisomi saa. Nimekwambia hivyo tangu ulipokuwa unapanda kigoda kuchungulia sufuria.

Kidari ni kifua cha ng'ombe, na kifua hubeba uzito siku zote. Ndiyo maana nyuzi zake ni nene na zimefungwa kwa utando mweupe mgumu. Moto una kazi mbili juu yake. Kwanza nyuzi hujikunja na kukamua maji yake, na hilo hutokea mapema. Kisha ule utando huanza kulainika nyama ikifika kama nyuzijoto 70, ila huyeyuka hasa ikipita 80, ukawa ute unaonata midomoni. Katikati ya hizo mbili nyama huwa ngumu na kavu, na wewe uliepua hapo hapo. Hukupika vibaya. Hukumaliza.

Ni ile Idi ya wageni wa Pemba tena. Mchuzi ulikuwa umekolea, harufu imefika barazani, shangazi yako akasikia hodi, akaepua. Eti kimeiva, rangi imekubali. Rangi! Watu walitafuna kwa adabu, na mzee mmoja alificha kipande chini ya wali. Nilikikuta wakati wa kuosha sahani. Kesho yake nilirudisha kilichobaki motoni kwa saa moja na robo, kikakatika kwa kijiko. Nyama ile ile, chungu kile kile. Sawa, mkaa niliuwasha mimi na niliuwasha kwa kuchelewa, hilo nalikubali. Lakini aliyeepua si mimi.

Basi fanya hivi. Buchani sema mapema, kabla panga halijainuliwa: kidari kipande kimoja, kilo moja na nusu, bila mfupa, kisikatwe. Mafuta ya juu yabaki unene wa nusu sentimita. Usiku kipake chumvi vijiko viwili vya chai, kilale kwenye friji bila kufunikwa. Asubuhi kipanguse kiwe kikavu kabisa, maana nyama yenye maji haikaangiki, hutoa mvuke tu. Papai bichi achana nalo: hulainisha juu mpaka ikawa uji, ndani haliingii.

Tazama nyuzi kabla hujakiweka motoni. Kidari ni misuli miwili iliyolaliana, na nyuzi za mmoja hazielekei zinakoelekea za mwenzake. Kata kona ndogo kama alama, kwa sababu kikishaiva na kuvaa mchuzi huoni kitu.

Sufuria nzito, mafuta vijiko viwili vya chakula, kaanga kila upande dakika tano au sita bila kukisogeza, mpaka kiwe kahawia. Kitoe. Humo humo tia vitunguu maji vikubwa vinne na kijiko kidogo cha maji, ukwangue vilivyogandia chini. Ladha yote iko pale, ila vikiwa vyeusi osha sufuria uanze upya, mchuzi utakuwa mchungu. Vitunguu vikishakuwa vya dhahabu tia thomu punje nane, tangawizi ya kidole gumba, mdalasini kijiti kimoja, karafuu nne, pilipili manga punje kumi, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, mwisho nyanya tatu. Rudisha nyama, mafuta yakitazama juu, mimina maji ya moto yafike nusu yake. Yasikifunike. Ukikizamisha unapika supu.

Kikichemka tu, punguza moto. Unataka povu moja hapa, jingine pale. Kikitokota kwa fujo nje hukatikakatika na ndani hukauka. Kwenye oveni weka nyuzijoto 150. Kwenye mkaa, toa makaa nusu, uyapalie machache juu ya mfuniko kama wali. Kigeuze kila saa.

Mimi hapa Tanga, usawa wa bahari, kinanichukua saa tatu na kitu. Wewe uko Arusha, karibu mita 1,400 juu, maji yako yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Unakumbuka maharage yako yanavyogoma? Ndiyo hayo hayo. Ongeza nusu saa, pengine zaidi. Uma uingie na kutoka bila nyama kuufuata. Ikiinuka nao, funika uende zako.

Kikiiva, kiache humo humo nusu saa, kimefunikwa, moto umezimwa. Halafu kata kukingama na nyuzi, unene wa kidole. Ukikata kufuata nyuzi utatafuna kamba hata kama kimeiva. Kizuri zaidi ni cha kesho: kikilala kwenye friji mafuta huganda juu, unayatoa, unakikata kikiwa baridi bila kuvunjika, unakipasha ndani ya mchuzi. Ukwaju tia wakati huo.

Sasa presha. Joto lake hupanda hadi karibu 120, kwa hiyo kipande hicho huchukua saa moja na robo. Usiinue kile kizito cha juu kutoa mvuke. Zima moto uache ishuke yenyewe, la sivyo nyama itachemka ghafla na kumwaga maji yake. Kisha tia uma. Haijaiva? Robo saa nyingine. Mchuzi utakuwa mwepesi, kwa hiyo utoe nyama, uuchemshe bila mfuniko.

Je, ni sawa na cha moto mdogo? Sisemi kitu. Gesi unalipa wewe, na kazini unatoka saa kumi na mbili. Shangazi yako anaitumia, na mara ya mwisho nilikula kwake nikaongeza. Nilikuwa na njaa.

Ukipika, nipigie kabla hujaepua.

Mama yako