Gitaa la kuendana na sauti yako na mkono wako

Dada yangu, umeuliza ni gitaa gani la akustika likufae wewe mwenye sauti nzito ya taratibu, wapiga kwa vidole vitupu, na kazi yako ni kwenye mikahawa ya ufuoni hapa Malindi. Kila uliyemuuliza amekwambia dreadnought. Mimi nakwambia liache.

Dreadnought ni lile sanduku kubwa la mabega mapana. Kampuni ya Martin ililitoa mwaka 1916, likapewa jina la manowari ya Waingereza, na tangu mwanzo lilikusudiwa mshindo na besi. Anayecharaza nyuzi zote kwa nguvu huku harusi nzima yaitikia, hilo ndilo lake. Wewe litakufunika. Besi yake huvuma karibu na pale sauti yako inapokaa. Itabidi upaze ndipo usikike, na usiku haujaisha koo limekauka.

Tafuta sanduku dogo lenye kiuno, lile linaloandikwa 000 au OM. Halina besi ya kujaa, nyuzi za kati na za juu hutoka wazi, nalo huitika hata likiguswa kidogo. Kwa mpigo wa vidole hilo ni jambo kubwa. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, aliyerekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada: gumba latembeza besi, shahada yaimba juu yake. Mpigo wa namna ile wataka gitaa linaloziacha sauti hizo mbili zisikike kila moja peke yake.

Tazama pia upana wa nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana milimita 43 hivi, na vidole hubanana. 44 au 45 ni afadhali sana. La nailoni lina 52, nafasi tele, na ulaini wake wapendeza mno kwa nyimbo za polepole, ila penye upepo na mawimbi hupotea upesi bila maikrofoni. Ukinunua la nailoni, usikubali mtu alifunge nyuzi za chuma. Seti ya nailoni huvuta kilo 40 hivi kwa jumla, ya chuma hupita 70, na kidaraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya sanduku, hung'oka.

Kwenye mbao, ubao wa juu ndio wenye neno. Mwerezi huitika mguso mwepesi. Sprusi hutaka mkono wenye nguvu. Kwako wewe, mwerezi.

Sasa hewa yetu. Gitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pwani yetu huupita huo karibu mwaka mzima. Masika yakiingia, ubao mzima, yaani usio wa matabaka ya kubandikwa, hufura, nyuma ya kidaraja hutuna, nyuzi zikapanda mbali na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Plaiwudi, ubao wa matabaka, huvumilia zaidi, ingawa sauti yake ni finyu. Wengi husema ubao mzima ni bora daima. Kwa gitaa la kupigwa na upepo wa chumvi kila usiku, sikubaliani nao. Likiwa ndilo la pekee ulilo nalo, chukua lenye ubao mzima juu na plaiwudi mgongoni na mbavuni, lilale ndani ya kasha pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Usiliache garini juani, gundi hulainika. Nyuzi zifute kila ukimaliza kupiga, la sivyo kutu haichelewi.

Dukani, chungulia shingo kutoka kichwani uone kama imepinda. Pitisha ukingo wa karatasi chini ya kidaraja. Ukiingia, kimeanza kubanduka. Kwenye freti ya 12 nyuzi za chuma ziwe juu kwa milimita 2 hadi 3. Kisha keti uimbe, kwa ufunguo wako wa kawaida, nyimbo unazopiga kazini. Mwombe mwenzako asimame mlangoni akwambie kama maneno yasikika. Yakipotea ndani ya gitaa, lirudishe ukutani hata kama muuzaji atakupunguzia bei.